Bibi anasema nimerudi duniani, ofisini wananiita mshamba: nisimame wapi?

SWALI: Shikamoo mchungaji. Nina miaka 27. Nimezaliwa Karagwe na kulelewa na bibi aliyeokoka tangu enzi za Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, na sasa nafanya kazi Dar es Salaam, idara ya manunuzi. Mkuu wangu anataka niweke cha juu kwenye ankara. Mchumba anasema tuhamie pamoja kwa sababu kodi ya miezi sita inatuumiza wote wawili, ndoa itafuata. Baba wakubwa wanataka mchango wa mbuzi na rubisi (pombe ya ndizi) kwa ajili ya tambiko kwenye kaburi la babu mwezi wa kumi na mbili. Bibi naye akiona picha zangu nimevaa suruali na kusuka rasta analia kwamba nimerudi duniani. Ibada naifuatilia kwenye simu, maana Jumapili naamka nimechoka. Kila kitu kinabadilika. Mkristo anasimamaje imara katikati ya haya yote bila kuwa kituko?

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Umeandika mambo matano na kuyapanga kama yote yana uzito mmoja. Suruali imekaa jirani na ankara ya uongo. Naanzia hapo, kwa sababu vijana wengi wanaokuja kuzungumza nami hawajaangushwa na jaribu moja kubwa. Wamechoshwa na kupigana kila mahali kwa wakati mmoja, na mtu aliyechoka huachia hata lile ambalo hakutakiwa kuliachia.

Fungua Danieli sura ya kwanza uisome polepole. Vijana wa Yuda wametekwa, wamepelekwa Babeli, wameingizwa kwenye mafunzo ya mfalme ya miaka mitatu. Wanafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, watu waliosifika kwa unajimu na uaguzi. Wanabadilishiwa majina, na Danieli anaitwa Belteshaza, jina ambalo mfalme mwenyewe baadaye anasema limetokana na la mungu wake. Husomi popote kwamba Danieli aliligomea jina hilo. Masomo hakuyagomea pia, na katika mtihani alipita wote. Lakini chakula cha mfalme, hapana. Biblia inasema “aliazimu moyoni mwake” kwamba hatajitia unajisi kwacho. Aliazimu kabla sahani haijawekwa mbele yake. Kisha akaenda kwa msimamizi na kuomba kwa adabu, akapendekeza wapimwe siku kumi kwa mtama na maji, halafu nyuso zao zilinganishwe na za wenzao.

Wafafanuzi wamebishana sana kwa nini chakula na si jina. Ubishi huo mzuri, ila kwako lenye faida ni jambo lililo wazi: alikuwa na mpaka, alijua ulipo kabla hajaufikia, na nje ya mpaka huo aliishi Babeli kama mtu wa Babeli, tena mtumishi wa kutegemewa.

Ndivyo walivyofanya pia Wakristo wa kwanza walipokuwa wachache na hawana hata jengo. Mnamo mwaka 112 hivi, gavana wa Kirumi aliyeitwa Pliny, aliyetawala Bithinia na Ponto katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Barua hiyo ipo hadi leo. Alikuwa ameshawahoji, na wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa akawatesa ili waseme. Alichopata ni hiki: hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, humwimbia Kristo kama Mungu, na hufunga kiapo pamoja kwamba hawataiba, hawatanyang'anya, hawatazini, hawatavunja ahadi, wala hawatakana amana ya mtu anapokuja kuidai. Hapana neno juu ya mavazi wala nywele. Ni mambo machache, yote yanahusu mwenzako na mali yake na mwili wake, na waliapa alfajiri, kwa pamoja, kabla mtu hajakwenda sokoni kukutana na fedha.

Sasa tuje kwa bibi yako, ambaye nadhani hukumuuliza vya kutosha. Uamsho uliomfikia ulitoka karibu na kwenu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini mashariki ya Rwanda, alikutana na Mganda Simeon Nsibambi pale Namirembe, Kampala. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto huo ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, ukavuka kuja Buhaya na Karagwe, ukafika Kenya. Wakaitwa Balokole, waliookoka. Watu wazima wakasimama hadharani na kusema walichoiba na kwa nani, kisha wakakirudisha: vifaa vya hospitali, fedha za mwajiri, ng'ombe wa jirani. Mhutu na Mtutsi waliombana msamaha mbele ya wote. Wanawake wakasimama kushuhudia mbele ya wanaume. Mzungu akaungama kwa Mwafrika kiburi chake.

Kwa hiyo bibi yako ujanani mwake hakuwa mtunza desturi. Alikuwa ndiye kituko. Wazee wa ukoo waliwaona Walokole kama watu wanaovunja heshima, na wachungaji wengi waliwaona wakorofi. Mambo ya mavazi na nywele yalijengeka ndani ya harakati hiyo kama uzio, na kwa wakati wake uzio ulisaidia. Lakini uzio si shamba. Suruali na rasta hazimo kwenye kiapo cha alfajiri. Tulia. Ukienda Karagwe vaa gauni au kitenge kwa ajili yake, kwa upendo na bila kinyongo, na ukirudi Dar vaa unavyovaa. Kisha mwombe akusimulie siku alipookoka alirudisha nini, na kwa nani. Nina hakika machozi yake yana jambo la kukufundisha, ila halihusu suruali.

Hapo nimepita haraka kwa makusudi. Lifuatalo ni zito zaidi.

Gahini, ule Uamsho ulipowakia, iko Rwanda. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa moja ya nchi za Afrika zenye Wakristo wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Mwezi Aprili Watutsi walikimbilia makanisani, kama walivyofanya katika machafuko ya zamani, na safari hii waliuawa humo humo. Kanisa la Nyamata na la Ntarama leo ni kumbukumbu ya mauaji, si mahali pa ibada. Miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa, waliopata kipaimara, walioimba kwaya. Wengi wao pengine waliogopa kuonekana wanakunywa pombe Jumapili. Lakini desturi ya kumpima mtu kwa kabila lake ilikuwa imeingia kanisani miaka mingi nyuma na kukaa kwenye benchi la mbele, na hakuna aliyeiita dunia.

Walikuwapo waliosimama. Felicitas Niyitegeka, mlei Mkatoliki, Mhutu, alikuwa msimamizi wa nyumba ya kanisa mjini Gisenyi. Aliwaficha Watutsi. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Alikataa kuwaacha, akauawa. Leo Rwanda inamhesabu kati ya mashujaa wa taifa. Mwanamke huyo hakuanza kutafuta msimamo siku lori lilipoingia getini.

Nakusimulia haya kwa sababu neno “utamaduni unabadilika” hutufanya tutazame muziki, mavazi na simu za vijana. Kinachomwangusha Mkristo mara nyingi ni kile ambacho kanisa zima limeshakizoea. Ukiniuliza kwetu leo ni nini, nitakujibu fedha. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Walikuwa wameahidiwa baraka. Na katika makanisa yetu ya zamani, yanayojiona yana staha kuliko hayo, mwenye mchango mkubwa kwenye harambee hupigiwa makofi bila mtu kuuliza fedha imetoka wapi. Ndiyo maana kati ya mambo yako matano naliweka la ankara juu kabisa, ingawa umeligusa kwa sentensi moja fupi tu.

Cha juu ni wizi, na anayelipa ni mtu wa chini. Najua namna kinavyoombwa: hakuna anayesema “iba”. Utaambiwa “hiyo profoma itengeneze vizuri”, au “muuzaji anatuelewa”. Jibu lako liwe tayari kabla hujaitwa, na liwe fupi: “Mkuu, mimi nitaandika bei aliyoitoa muuzaji.” Liseme mkiwa wawili, kwa heshima, mapema, wakati hakuna zabuni yoyote mezani. Usihubiri. Usimtishe. Omba wauzaji watume bei zao kwa maandishi, na utunze kumbukumbu vizuri. Ujue pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa mtumishi anayetumia hati ya uongo kumpotosha mwajiri wake. Maana yake, siku mambo yakiharibika, sahihi iliyoko kwenye karatasi ni yako.

Sitakudanganya kwamba ukikataa Mungu atakupandisha cheo. Danieli alipandishwa. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, waliokuwa watumishi hodari wa mfalme wao, walikataa mambo machache tu: kuacha kusali, na kuitoa miili yao kwa tamaa za mfalme. Tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja Namugongo. Wewe hutachomwa. Unaweza kuhamishwa idara, kunyimwa safari zenye posho, au mkataba usihuishwe. Kwa hiyo anza sasa kuweka akiba ya kukuwezesha kuishi miezi mitatu bila mshahara, hata ikibidi upange chumba cha bei ndogo zaidi. Mtu asiye na akiba hukataa kwa sauti ya chini sana, na anayedaiwa kausha damu hakatai kabisa. Nimeona walio na imani ya kweli wakisaini kwa sababu kodi ilikuwa inaisha Ijumaa.

Habari ya tambiko inahitaji kichwa kilichotulia, kwa sababu hapo kanisa lenyewe halijawahi kuwa na jibu moja. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu zilidai waumini wao watie sahihi kukana ukeketaji. Maelfu waliondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao huru. Misheni zilikuwa sahihi kuhusu ukeketaji, lakini namna zilivyolibeba jambo hilo ilifanya watu wengi waone kwamba kuwa Mkristo ni kuacha kuwa Mkikuyu. Miaka hiyo hiyo kule Masasi, Askofu Mwanglikana Vincent Lucas alikwenda njia nyingine: aliichukua jando, akaondoa aliyoyaona hayapatani na imani, akaweka sala na mafundisho ya Kikristo, wavulana wakatahiriwa chini ya uangalizi wa kanisa. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Na kwenu Buhaya, Josiah Kibira, askofu Mlutheri, alikuwa mtu wa Uamsho hasa, na bado alitumia usomi wake kutafakari uhusiano wa kanisa na ukoo. Hakuona haja ya kuutukana ukoo wake ili awe Mkristo. Mwaka 1977, hapa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo.

Paulo aliwaambia Wakorintho wale nyama ya sokoni bila kuuliza-uliza, na wakialikwa na asiyeamini waende. Ila mtu akisema waziwazi, “hii imetolewa sadaka”, wasile. Mpaka wake ulikuwa kwenye maana inayotangazwa. Basi wewe uliza: mwezi wa kumi na mbili, kaburini kwa babu, nani anaombwa, na anaombwa nini? Kukusanyika, kusafisha kaburi, kulijengea, kupika na kula na ndugu, kuwasimulia watoto babu alikuwa nani, hayo yote fanya kwa moyo mkunjufu na utoe mchango wako bila ubahili. Kumwagia rubisi kaburini ili babu afungue riziki au azuie maradhi, hapo unamwomba mwingine kile ulichoambiwa umwombe Baba.

Usilisemee hilo kwenye kikao cha ukoo, mbele ya watu, kwa Kiswahili cha mjini. Mpigie baba mkubwa mwenye neno, mapema, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, umwamkie, umwulize habari za nyumbani na migomba kwanza. Kisha mwambie: “Baba, mchango wangu naleta, nataka uende kwenye chakula na saruji ya kaburi. Kwenye kuomba wazee mnisamehe, mimi nimebatizwa na babu mwenyewe ndiye aliyenipeleka.” Kama babu hakukupeleka, usiseme hivyo, sema lililo kweli. Omba pia kwamba mchungaji wa mtaa aalikwe kuongoza ibada ya kumbukumbu hapo hapo kaburini. Mara nyingi wazee wanachoogopa ni wajukuu kuwasahau. Wakiona umepanda basi kutoka Dar na umeshika jembe, nusu ya ugomvi imekwisha. Nusu iliyobaki utaivumilia, na huenda wakakusema miaka miwili mitatu.

Kuhusu ibada ya kwenye simu nitakuwa mkali kidogo. Sina ugomvi na simu. Mahubiri mazuri ni mazuri hata ukiyasikia kwenye daladala. Lakini simu haijui kama wiki hii umesaini ile ankara. Mhubiri wa mtandaoni hatakuuliza, na ukimkwaza unamfungia kwa kidole. Bibi yako alisimama miaka yote hiyo kwa sababu kila wiki alikaa na watu waliomjua jina, waliojua mume wake na madeni yake, waliomwuliza “dada, unatembea nuruni?” na yeye akawauliza. Kenya katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni, ndugu wa Uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao, na wengi wao walikataa pia silaha walizopewa na serikali ya kikoloni. Upande mmoja ukawaita wasaliti, mwingine ukawatilia shaka. Baadhi yao waliuawa. Hakuna mtu anayeweza kubeba hilo peke yake chumbani.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki waliliona hilo miaka ya 1970 walipoamua kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, na sisi Walutheri tunazo za kwetu mitaani. Nenda kwenye jumuiya ya mtaa unaoishi, hata kama wanaimba polepole na wanachelewa kuanza. Utakuta mama wa mgahawa, mlinzi, mwalimu mstaafu, pengine watu ambao ofisini kwako wasingepita getini. Katika hao tafuta wawili, wanawake waliokuzidi umri, uwaambie habari ya ankara kabla hujamwona mkuu wako na uwaombe wakuulize mwisho wa mwezi ilikuwaje. Kama Jumapili unachoka, jumuiya nyingi hukutana jioni katikati ya wiki au Jumamosi asubuhi. Huna kisingizio hapo.

Limebaki la mchumba. Vijana mnaliita sogea tukae, na sababu ya kodi ni ya kweli: anayelipa vyumba viwili kwa miezi sita mbele anaumia. Sitakwambia kwamba kijana huyo ni mwovu. Nitakwambia tu kwamba anachoomba kina sura ya ndoa bila ahadi ya ndoa, na kwamba kwenye kile kiapo cha alfajiri alichokiandika Pliny, uzinzi na kuvunja ahadi vilikaa kwenye sentensi moja. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inalitambua: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi, wakajulikana kama mke na mume, mahakama inaweza kudhania kwamba wameoana. Nimewaona wanawake wakihangaika mahakamani kuthibitisha dhana hiyo baada ya mwanamume kufa au kuondoka, huku ndugu zake wakibeba friji.

Kwa hiyo mgeuzie hoja yake mwenyewe. Kama tatizo ni kodi, ndoa inalitatua haraka kuliko anavyofikiri. Sheria inataka taarifa ya siku 21, kanisani ni matangazo ya Jumapili tatu, mafundisho kwa mchungaji, mahari kadiri wazee watakavyokubaliana, mashahidi, na ibada ambayo inaweza kuunganishwa na ibada ya kawaida ya Jumapili. Kinachowachelewesha vijana wengi mwaka mzima ni ukumbi, kamati, kadi za michango na sare za wasindikizaji. Mwambie mko tayari kula pilau na watu thelathini nyumbani kwa shangazi, kisha mhamie chumba na sebule mwezi unaofuata. Mpe tarehe ya kwenda pamoja kumwona mchungaji wa mtaa, wiki hii au ijayo, na usilipie chumba chochote cha pamoja kabla ya siku hiyo.